Seli Zilizokitangulia Kisu

Fidelis, aliyekalia kiti changu baada ya mimi kustaafu, ameniomba niandike mambo ya kazi ambayo hayamo kwenye vitabu vya maabara. Nimemwambia kwamba mengi yamo vitabuni, ila watu huyasoma wakiwa wameshaharibu. Hata hivyo nimekubali. Nitayaeleza kwa mfuatano kadiri ninavyokumbuka, na pale nilipokosea nitapaeleza kwa kirefu kuliko nilipopatia, maana ukipatia huwa hakuna cha kusimulia.

Siku ya kwanza kazini sikugusa hadubini. Wala ya pili, wala mwezi mzima uliofuata. Mzee Haule, mkuu wa chumba chetu pale hospitali Songea, alinikabidhi ndoo ya sabuni na kasha la slaidi zilizotumika, vile vioo vyembamba vya hadubini, akaniambia nizioshe moja moja. Siku hizo kioo hakikutupwa. Jioni aliziinua dirishani, akazigawa mafungu mawili, na fungu kubwa akalirudisha kwenye ndoo.

"Slaidi yenye alama ya kidole chako itakuonyesha kidole chako," alisema. "Sisi tunatafuta kitu kingine."

Alikuwa mtu mfupi, mkimya, aliyevaa sweta la rangi ya udongo chini ya koti jeupe kuanzia Mei hadi Agosti. Kazi yenyewe alinifundisha kwa kunionyesha zaidi kuliko kwa kusema. Kipande cha nyama alichokata daktari kwa mgonjwa hutufikia kikiwa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kisioze. Tunakikausha maji yake, tunakizamisha kwenye nta ya moto, nta inaganda, kisha tunakipitisha kwenye mashine yenye kisu kinachokata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Vipande hutoka vimeshikana kama utepe. Utepe unaelea juu ya beseni la maji ya uvuguvugu, unaunasa kwa slaidi, unaupaka rangi. Viini vya seli vinakuwa zambarau, vingine vyote waridi. Baada ya hapo ndipo daktari anaangalia.

Kwa baridi ya Songea, mwezi wa Juni nta hukataa. Utepe unakunjamana au unapasuka vipandevipande. Nilihangaika siku tatu, nikabadilisha kisu, nikalaumu mashine. Mzee Haule akaja, akainama, akakipulizia pumzi kile kipande cha nta mara mbili kama mtu anayepasha mikono, akazungusha gurudumu. Utepe ukatoka mzima. Mbinu hiyo bado naiamini kuliko vifaa vingi vilivyoletwa baadaye kwa sherehe.

Miaka yangu ya mwanzo niliona saratani kama kitu kinachokaa mahali. Uvimbe uko titini, uko mdomoni, uko kwenye mlango wa uzazi; unakatwa, unaletwa, unasomwa. Aliyenibadilisha mawazo ni Daktari Rukia, bingwa wa patholojia aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alifika na masanduku mawili ya vitabu na malalamiko mengi kuhusu baridi. Wiki ya kwanza alikaa nami kwenye hadubini yenye vichwa viwili, ile ambayo watu wawili wanaona kitu kimoja, akanionyesha mtoki wa kwapani wa mama mmoja mwenye saratani ya titi.

"Unaona nini, Skola?"

"Tezi. Na hapa pembeni seli za saratani."

"Zimefikaje?"

Sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa nimezoea kujibu zipo au hazipo.

"Zimetembea," alisema. "Uvimbe peke yake mara nyingi hauui mtu. Safari ndiyo inaua. Mimi nataka kujua zinapita wapi."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yetu ya ziada kwa miaka iliyofuata, mbali na foleni ya kila siku ambayo haikupungua eti kwa sababu sisi tuna udadisi. Hatukuwa na mitambo mikubwa. Tulikuwa na hadubini za kawaida za mwanga, karatasi na penseli.

Kwanza alitaka nizione zikiwa hai. Seli za kwenye slaidi zetu zote ni maiti, alisema, na maiti hatembei. Basi alipotoa maji tumboni kwa mgonjwa mwenye saratani ya mfuko wa mayai, kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, tuliweka tone moja kwenye slaidi, tukafunika kwa kioo na kuziba kingo kwa mafuta mazito. Kando ya slaidi nilipasha joto kwa chupa bapa ya maji ya moto, maana seli ikipigwa baridi inajikunyata. Seli isiyopakwa rangi haionekani vizuri; ni kama kutafuta kipande cha kioo majini. Dawa yake ni kushusha lenzi ya chini na kubana mwanga. Picha inakuwa nyeusinyeusi, lakini kingo zinajitokeza.

Mwendo wenyewe huuoni kwa jicho. Ni kama mshale wa saa. Nilichofanya ni kuchora. Hadubini yetu ya zamani ilikuwa ya jicho moja: jicho la kushoto linatazama lenzini, la kulia linatazama karatasi pembeni, na baada ya siku chache za kuumwa kichwa ubongo unaziweka picha mbili juu ya moja. Kila baada ya dakika kumi nilichora umbo la seli ileile. Mchoro wa kwanza duara. Wa pili, duara lenye kinundu upande mmoja. Wa tatu kinundu kimerefuka, na wa nne mwili wote umekifuata. Nilichora tangu asubuhi hadi saa saba mchana, nikaenda kumwonyesha Daktari Rukia kwa fahari.

Akaangalia lenzini, akaangalia michoro yangu.

"Umechora vizuri sana," alisema. "Ila huyu siye mhalifu. Hii ni seli ya mwili, ile inayosafisha taka. Umemfuata askari asubuhi nzima."

Nilirudi nikaanza upya. Seli ya saratani niliipata siku mbili baadaye. Ilikwenda polepole zaidi na kwa kusitasita, inatoa kinundu, inakirudisha, inajaribu upande mwingine. Mpaka mchana ilikuwa imesogea umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Lakini ilikuwa imesogea.

Baada ya hapo tulihamia kwenye makabati. Vipande vyote vya nta vya wagonjwa tunavihifadhi, na kwa kawaida tunakuwa tumekata sehemu ndogo tu ya kila kimoja. Daktari Rukia aliomba kibali cha kamati ya hospitali tuchague vya saratani ya mdomo na tuvikate vyote hadi mwisho, utepe baada ya utepe, tuchore kila slaidi kwenye karatasi ya kuangaza, ile inayoonyesha kilicho chini yake, kisha tuzipange karatasi moja juu ya nyingine. Hapo ndipo njia inaonekana. Slaidi moja ni kama kumwona mtu akivuka barabara: hujui alikotoka wala anakokwenda. Ukiwa na slaidi mia zinazofuatana, unaona alikopita. Tuliona seli zikiondoka kwenye uvimbe kwa makundi, zikisukumana kama ng'ombe mlangoni pa zizi. Nyingine zilikwenda moja moja. Na nyingine zilishika mshipa wa fahamu, ile neva nyembamba inayobeba maumivu na hisia, zikaufuata kama watu wanaofuata kijia kati ya mahindi.

Sasa nifike kwa Mwalimu Gervas.

Mwalimu Gervas Ndunguru alikuwa mwalimu wa kwaya katika kigango kimoja huko Mpitimbi, na mkulima wa mahindi kama majirani zake. Alikuwa amekuja hospitalini na kidonda kwenye mdomo wa chini kisichopona. Kilikatwa, tukakipokea, ripoti ikasema ni saratani lakini kingo ni safi, yaani imetoka yote. Wakati huo Daktari Rukia alikuwa likizo, na ripoti aliiandika daktari aliyemshikia nafasi. Mgonjwa alirudi kwao akiwa na furaha. Miezi saba baadaye nilikivuta kipande chake cha nta kabatini kwa ajili ya kazi yetu, nikachagua hicho kwa sababu kilikuwa kidogo na nilitaka kumaliza kabla ya Ijumaa.

Nilipofika kwenye slaidi ya thelathini hivi niliona neva ikijitokeza pembeni. Kwenye ya arobaini neva ilikuwa na kola ya zambarau kuizunguka. Nilikaza lenzi kubwa. Zilikuwa seli za saratani, zimepanga mstari kuizunguka neva, zinaelekea nje. Nikaendelea kukata na kupaka rangi bila kunyanyuka. Zilifika hadi kwenye wino.

Nieleze wino. Kabla ya kukata, tunapaka wino mweusi upande ambao kisu cha daktari kilipita, ili kwenye slaidi tujue ukingo ulipo. Seli zikigusa wino, maana yake nyingine zilibaki kwa mgonjwa. Na ili ukingo uonekane, kipande kinasimamishwa wima ndani ya nta. Anayekisimamisha ni mteknolojia. Nilivuta daftari la kazi ingawa sikuhitaji. Mwandiko ulikuwa wangu. Nilikuwa nimekilaza. Upande wenye neva ukabaki chini kabisa ya nta, haukufikiwa na kisu, na slaidi tulizompa daktari zilikuwa za upande mwingine tu.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliandika kwenye daftari lolote. Siku ile nilipokikata mara ya kwanza niliona kwamba wino kwenye slaidi ulikuwa doa dogo tu, wakati ulipaswa kuwa mstari. Niliona, nikajiambia daktari naye ana macho.

Nilimwambia Daktari Rukia yote, pamoja na hilo la wino. Alikaa kwenye hadubini muda mrefu. Aliponyanyua kichwa hakunigombeza, na heri angenigombeza.

"Lazima arudi akatwe tena," alisema. "Namba yake ya simu?"

Namba kwenye faili ilikuwa ya mpwa wake, na mpwa alishahamia Tunduru, hajui habari za mjomba. Daktari alitaka tupeleke ujumbe kupitia zahanati. "Waambie tu kwamba tumepata matokeo ya nyongeza," alisema. "Si uongo."

"Si uongo," nilisema. "Lakini nitakwenda mwenyewe."

Nilifika Mpitimbi kesho yake saa nne asubuhi. Nilimkuta uani kwake akipukuchua mahindi na mkewe, Mama Anjela. Kovu la mdomo lilikuwa limepona vizuri.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mgeni. Mama Anjela, lete kigoda."

Walinipa togwa. Nilijitambulisha kwamba natoka maabara ya hospitali, na nikaona mkono wa Mama Anjela ukisimama juu ya ungo. Sikujua njia nzuri ya kuanza, nikaanza tu.

"Mwalimu, tumekiangalia tena kile kipande cha mdomo. Kuna seli zilibaki."

"Mliniambia imetoka yote."

"Tulikuambia hivyo. Haikuwa kweli."

Alijigusa mdomo kwa kidole. "Ni nani aliyekosea?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima, na nilikuwa na majibu mazuri kuhusu wingi wa kazi na uchache wa watu. Yote yalikuwa ya kweli.

"Mimi," nilisema. Nikamweleza nilivyokilaza kipande, na kuhusu wino.

Mama Anjela aliweka ungo chini. "Tulishatoa misa ya shukrani," alisema. Hakupandisha sauti. "Tulichinja mbuzi. Padri alitangaza kanisani kwamba mwalimu amepona. Miezi saba, dada. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Aliondoka akaingia ndani, na sikumwona tena siku hiyo.

Mwalimu aliendelea kupukuchua gunzi lililokuwa mkononi hadi likaisha. Kisha akauliza kitakachofuata. Nilimweleza kama daktari wa upasuaji alivyonieleza: watakata zaidi, na neva hiyo itaondoka. Mdomo wa chini upande ule utakufa ganzi, kinywa kitakuwa kidogo, na baadhi ya herufi zitamsumbua.

"Na kuimba?"

"Sijui, mwalimu. Sauti itabaki. Mdomo ndio sijui."

"Nisipokatwa?"

"Zitaendelea kuifuata neva. Inaingia kwenye mfupa wa taya."

Akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Nataka kuziona."

Alikuja Jumatatu, amevaa suti ya Jumapili. Daktari Rukia alimkaribisha chumbani kwetu, nami nikaiweka slaidi chini ya lenzi, nikamwelekeza mahali pa kutazama. Alihangaika kwanza, kama wote, akiona kope zake mwenyewe. Kisha akatulia.

"Hilo duara la waridi ni neva yako," nilimwambia. "Hizo za zambarau zinazoizunguka ndizo zenyewe."

"Zimepanga mstari."

"Ndiyo."

"Zimetoka wapi kwenda wapi?"

Nilimtandikia karatasi za kuangaza, zote, juu ya kisanduku cha taa. Alifuata mstari kwa kidole kutoka kwenye uvimbe hadi ukingoni, taratibu, kama mtu anayesoma nota.

"Hazina haraka," alisema.

"Hazina," Daktari Rukia alijibu. "Inshallah tutaziwahi."

Alikatwa Alhamisi. Kipande kilipoletwa, nilimwambia Daktari Rukia kwamba kama anataka mtu mwingine akishughulikie, nitaelewa. "Kishughulikie wewe," alisema. Nilipaka wino, nikakisimamisha wima, nikamwita mwenzangu akague kabla nta haijaganda. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya chumba chetu: kipande cha ukingo kinaangaliwa na watu wawili, na wino usipoonekana kama mstari kamili, slaidi haimfikii daktari. Sheria hiyo mnaiona imebandikwa ukutani bila jina. Sasa mnajua ilitoka wapi.

Nilikikata chote. Seli zilionekana kwenye neva kwa kipande kifupi, zikapungua, ikabaki moja peke yake pembeni, kisha neva ikaendelea ikiwa tupu, waridi, hadi kwenye wino. Daktari Rukia alizipitia slaidi zote mara mbili, akaandika ripoti, akanipa nikaipeleke wodini.

Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, bandeji imefunika nusu ya uso. Mama Anjela alikuwa kwenye benchi, akanitazama na kugeukia dirisha. Nilisoma ripoti kwa Kiswahili, nikitafsiri neno kwa neno. Nilipofika kwenye kingo, mwalimu aliinua mkono.

"Soma tena. Polepole."

Nikasoma tena. Safari hii nilimweleza pia kwamba kipande kilisimama wima, na aliyekikagua ni nani. Aliitikia kwa kichwa. Mama Anjela hakugeuka.

Aliendelea kuja kupimwa kila alipoitwa, mwaka hadi mwaka, na saratani hatukuiona tena. Herufi zilimsumbua kweli, hasa p na b, na chai ilimmwagikia upande wa ganzi bila yeye kujua. Solo aliacha kuimba. Kwaya hakuiacha. Daktari Rukia alihamishwa, akaniachia hadubini ya jicho moja, ambayo ilikuwa mali ya hospitali na hakuwa na haki ya kuigawa. Mambo mengine ya miaka hiyo Fidelis anayajua, alikuwepo.

Wiki niliyostaafu, mwalimu alituma ujumbe kwamba Jumapili kigango chao kina sherehe ya somo, mtakatifu msimamizi wao, nifike. Nilisita, kisha nikaenda. Nilichelewa, kanisa limejaa, nikabaki nimesimama karibu na mlango wa nyuma. Yeye alikuwa mbele, mgongo kwetu, akiongoza kwa mikono. Alitoa noti ya kuanzia kwa kuguna, mdomo umefungwa, na sauti nne zikaipokea.

Katikati ya wimbo mtu alinigusa kiwiko. Alikuwa Mama Anjela, ameketi ukingoni mwa benchi la mwisho na wajukuu wawili. Hatukuwa tumezungumza tangu ile asubuhi ya mahindi. Alimpakata mjukuu mmoja, akasogea ndani.

"Kaa hapa," alisema. "Hapo mlangoni kuna baridi."